Ikulu ya Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Historia ya Jengo la White House

Wengi wanaoiona White House kwenye taarifa ya habari hudhani wanatazama nyumba ya miaka ya 1790. Wanachokiona ni ngozi yake tu. Kuta za nje za mawe ndizo za kale. Ndani yake limesimama jengo la chuma na zege lililokamilika mwaka 1952. Maswali mengi yanayoulizwa kuhusu Ikulu hii yanarudi kwenye jambo hilo, kwa hiyo sehemu ya ukarabati huo, uliofanywa wakati wa Rais Harry Truman, imepewa nafasi kubwa kuliko nyingine. Vipimo vingi vimegeuzwa kuwa mita.

Nani alichagua kiwanja, na nani alichora ramani?

Sheria ya mwaka 1790 iliamua kwamba makao makuu ya nchi yawe kando ya mto Potomac. Pierre Charles L'Enfant, Mfaransa aliyepanga mji huo, alitenga eneo la "kasri la rais" lenye ukubwa wa mara kadhaa ya jengo la sasa. Aligombana na wasimamizi wake, akaondolewa kazini mwaka 1792 kabla kasri hilo halijaanza.

Mwaka huohuo yakatangazwa mashindano ya wachoraji, zawadi ikiwa dola 500 au medali yenye thamani hiyo. Aliyeshinda ni James Hoban, Mwairishi aliyekuwa akifanya kazi Charleston. Mchoro wake ulifuata kwa karibu Leinster House ya Dublin, jengo ambalo leo ni Bunge la Ireland, na ukiziweka picha mbili hizo pamoja undugu wao hauhitaji maelezo. George Washington alitaka nyumba iongezwe ukubwa kwa kama moja ya tano na iwekewe nakshi nyingi zaidi za mawe. Lakini mawe na fedha havikutosha, kwa hiyo ghorofa tatu za mchoro wa awali zikapunguzwa kuwa mbili juu ya ghorofa ya chini. Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 13 Oktoba 1792.

Ni kweli ilijengwa na watumwa?

Ndiyo, kwa sehemu kubwa, ingawa si wao peke yao. Wasimamizi wa mji walishindwa kupata vibarua wa kutosha, wakaanza kukodi watu waliokuwa utumwani kutoka kwa mabwana zao wa Maryland na Virginia. Ujira ulilipwa kwa bwana. Aliyefanya kazi alipewa chakula na mahali pa kulala. Watu hao walivunja mawe kwenye machimbo ya Aquia huko Virginia, wakayapakia kwenye mashua za mto Potomac, wakapasua mbao kwa msumeno wa watu wawili, na wakafyatua na kuchoma matofali palepale kwenye kiwanja. Baadhi yao majina yao ya kwanza yamo kwenye hati za malipo, yakifuatiwa na jina la bwana aliyepokea fedha.

Kando yao walikuwepo watu weusi huru, vibarua wahamiaji kutoka Ulaya, na waashi wa Kiskoti walioletwa kwa kazi ngumu ya kuchonga. Waskoti ndio waliochonga shada la maua na majani ya mwaloni lililo juu ya mlango wa kaskazini. Ukuta una matabaka mawili: jiwe lililochongwa kwa nje, tofali kwa ndani. Gharama ya awali ya ujenzi ilikuwa dola 232,372.

Kwa nini ni nyeupe? Si kwamba ilipakwa rangi kuficha moshi wa mwaka 1814?

Hapana, na hili ndilo kosa linalorudiwa kuliko yote. Nyumba ilikuwa nyeupe tangu mwaka 1798, miaka 16 kabla ya Waingereza kuichoma moto.

Sababu ni jiwe lenyewe. Mawe ya Aquia ni mawe ya mchanga, rangi yake kijivu chenye umanjano, rahisi kuchonga lakini yana vinyweleo vingi. Maji huingia, yakiganda wakati wa baridi hutanuka, na uso wa jiwe huanza kubanduka vipande vipande. Waashi waliziba vinyweleo hivyo kwa chokaa nzito iliyochanganywa na gundi. Walitarajia chokaa hiyo ichakae yenyewe taratibu huku ikibaki ndani ya nyufa, lakini nyumba ikaendelea kupakwa tena na tena, na baadaye ikatumika rangi ya mafuta. Jina "White House" lilikuwa midomoni mwa watu kabla ya moto. Jina rasmi lilikuwa jingine hadi mwaka 1901, Theodore Roosevelt alipoamuru White House litumike kwenye barua za serikali.

Rangi nayo ilileta tatizo lake. Kufikia miaka ya 1970 kuta zilikuwa na matabaka karibu 40. Nakshi za majani zilikuwa zimejaa rangi hadi ncha hazionekani, na rangi mpya haikushika vizuri kwa sababu ilikuwa inashikilia rangi, haishikilii jiwe. Kazi ya kuibandua yote, upande baada ya upande, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuendelea hadi miaka ya 1990. Mawe yalipobaki wazi, alama nyeusi za moto wa 1814 zikaonekana. Baadhi ya sehemu ziliachwa bila kupakwa ili alama hizo zibaki. Kupaka nje yote huhitaji galoni 570 za rangi, yaani zaidi ya lita 2,100.

George Washington aliishi humo?

Hakulala humo hata usiku mmoja. Alikagua ujenzi na kuamua mambo mengi ya mchoro, lakini alimaliza muda wake mwaka 1797 na kufariki Desemba 1799. Rais wa kwanza kuhamia ni John Adams, tarehe 1 Novemba 1800. Alikuta lipu bado mbichi na vyumba vingi havijakamilika. Mkewe Abigail alitumia ukumbi mkubwa wa East Room kuanikia nguo.

Nini hasa kilitokea mwaka 1814?

Marekani na Uingereza zilikuwa vitani tangu 1812. Tarehe 24 Agosti 1814 jeshi la Uingereza likiongozwa na Jenerali Robert Ross na Admirali George Cockburn liliwashinda Wamarekani huko Bladensburg, likaingia mjini jioni ileile. Askari walikuta meza ya Rais Madison imeandaliwa, wakala, kisha wakaichoma nyumba. Kitendo hicho kilikuwa kwa sehemu kisasi cha Wamarekani kuchoma majengo ya serikali mjini York, Toronto ya leo, mwaka uliotangulia. Wasomaji wa Tanzania watakumbuka kwamba manowari za Waingereza haohao ndizo zilizoipiga mizinga ikulu ya gavana wa Kijerumani ya Dar es Salaam mwaka 1914, na wao wenyewe wakaijenga upya mwaka 1922.

Paa na sakafu zote za White House ziliteketea. Kuta zilisimama, lakini jiwe lililopashwa moto mkali kisha likanyeshewa na dhoruba kubwa ya siku iliyofuata hupasuka ndani kwa ndani. Hoban aliporudishwa kuijenga ilimbidi abomoe sehemu kubwa ya kuta hizo na kuziinua upya. Sehemu za upande wa kusini ndizo zilizosalimika zaidi. Rais James Monroe alihamia mwaka 1817.

Jambo moja la ujenzi huo lilikuja kuigharimu nchi baada ya miaka 130. Kazi ya mwanzo ilichukua miaka minane. Ya pili ilitakiwa iishe kwa mitatu hivi. Ili kuwahi, baadhi ya kuta za ndani ambazo awali zilikuwa za tofali zilijengwa kwa mbao. Zikapigwa lipu, zikapendeza, na hakuna aliyejua tofauti hadi wakaguzi walipozifungua mwaka 1948.

Dolley Madison alikata picha ya Washington kwa kisu na kukimbia nayo?

Hakuikata. Picha hiyo kubwa ya mwili mzima, iliyochorwa na Gilbert Stuart, ilikuwa imefungwa ukutani kwa skrubu na haikutoka haraka, hivyo fremu ya nje ikavunjwa. Dolley Madison, mke wa Rais Madison, ndiye aliyeagiza iokolewe. Paul Jennings, aliyekuwa kijana wa miaka 15 na mtumwa wa Madison, aliandika baadaye kwamba walioishusha ni Jean Pierre Sioussat, msimamizi wa mlango, na mtunza bustani. Jennings alikuwa ndani ya nyumba siku hiyo, na ushuhuda wake una uzito kuliko hadithi ya kisu. Picha hiyo bado ipo East Room, na ndicho kitu cha nyumba hiyo kilichodumu tangu mwaka 1800.

Maji, gesi na umeme viliingia lini?

Maji ya bomba yaliingia mwaka 1833, gesi ya taa mwaka 1848, na umeme mwaka 1891. Rais Benjamin Harrison na familia yake waliogopa kupigwa shoti hata hawakugusa swichi. Mfanyakazi aliwasha na kuzima. Lifti ya kwanza iliwekwa mwanzoni mwa miaka ya 1880. Kiyoyozi cha nyumba nzima kilisubiri ukarabati wa 1952.

Tarehe hizo zinafaa kusomwa kwa jicho la fundi. Kila huduma mpya ilipitishwa ndani ya nyumba ambayo haikujengwa kwa ajili yake. Fundi bomba alikata boriti ili bomba lipite, fundi wa gesi akakata nyingine, wa umeme akatoboa palepale, na bomba la zamani likaachwa ndani ya ukuta kwa sababu kulitoa kungeharibu lipu. Boriti ya mbao hubeba uzito kwa unene wake wa kwenda chini: ukiikata katikati ya urefu wake, upande wa chini unaovutwa, umeondoa nguvu yake kubwa hata kama tundu ni dogo. Miaka mia moja ya ukataji wa namna hiyo ndiyo iliyodhoofisha sakafu.

West Wing na Oval Office vilikuwepo tangu mwanzo?

Havikuwepo. Kwa miaka 100 rais aliishi na kufanya kazi kwenye ghorofa moja, makarani wakipishana na watoto kwenye korido. Theodore Roosevelt alikuwa na watoto sita, na mwaka 1902 kampuni ya usanifu ya McKim, Mead & White ilimjengea jengo la ofisi upande wa magharibi, baada ya kubomoa mabanda ya vioo ya maua yaliyokuwa hapo.

Oval Office, ofisi ya rais yenye umbo la duaradufu, ilijengwa mwaka 1909 wakati wa Rais Taft, ikiwa katikati ya upande wa kusini wa jengo hilo. West Wing iliungua mkesha wa Krismasi wa 1929, ikakarabatiwa, na mwaka 1934 Franklin Roosevelt akaihamishia Oval Office kwenye kona ya kusini-mashariki ilipo leo. Ina urefu wa karibu mita 10.9 na upana wa mita 8.8. Kwa hiyo meza unayoiona marais wakisainia sheria haimo katika jengo la Hoban kabisa.

Chumba cha waandishi wa habari kimo juu ya bwawa la kuogelea alilojengewa Roosevelt mwaka 1933, ambaye miguu yake ilipooza na alihitaji mazoezi ya maji. Nixon aliagiza lifunikwe, na shimo la bwawa bado lipo chini ya sakafu.

Kwa nini Truman alihama?

Kwa sababu ghorofa ya juu ilikuwa karibu kuanguka. Harry Truman alisikia sakafu zikilia usiku na akaona taa kubwa ya vioo ya ukumbi wa Blue Room ikitikisika watu walipotembea juu yake. Mwaka 1948 mguu wa piano ya binti yake Margaret ulitoboa sakafu na kupasua dari ya chumba cha chakula cha familia kilicho chini. Wakaguzi walipoingia walikuta bafu lake mwenyewe likizama kwenye sakafu. Mara baada ya uchaguzi wa Novemba 1948 familia ilihamishiwa Blair House, nyumba ya wageni iliyo ng'ambo ya barabara.

Sababu zilizopatikana zilikuwa nne, na hakuna iliyotosha peke yake:

- Kuta za ndani zilisimama kwenye misingi mifupi juu ya udongo laini, zikawa zinadidimia, ilhali kuta za nje zilikuwa imara zaidi. Sakafu iliyoshikwa na kuta mbili zinazoshuka kwa kasi tofauti hupinda.
- Kuta za mbao za mwaka 1817, pamoja na boriti zilizokatwa na mafundi wa bomba na umeme.
- Ukarabati wa 1902, ambapo ukuta uliokuwa umebeba uzito ulitolewa ili kupanua chumba cha karamu za taifa.
- Ghorofa ya tatu na paa la chuma na zege vilivyoongezwa mwaka 1927 wakati wa Rais Coolidge. Hapa ndipo mzigo ulipozidi. Uzito wote huo mpya uliwekwa juu ya kuta zilizotajwa hapo juu.

Roshani ya kusini ambayo Truman aliiongeza muda mfupi kabla ya kuhama, na ambayo watu wengi waliilalamikia, haikuwa chanzo. Imeshikwa na nguzo za baraza la nje.

Waliwezaje kutoa nyumba yote ndani bila kubomoa kuta?

Kubomoa kila kitu na kuanza upya kungekuwa rahisi, na hoja hiyo ilisikika Bungeni. Truman na tume iliyoundwa mwaka 1949 waliipinga: mawe yale yalikuwa ya Washington na Hoban, na nakala yake isingekuwa kitu kilekile. Tunaamini uamuzi huo ulikuwa sahihi, ingawa uliifanya kazi iwe ngumu mno. Ilianza Desemba 1949 chini ya mkandarasi John McShain wa Philadelphia.

Kwanza vitu vilivyofaa kuokolewa, kama milango, mbao za kutani, mahali pa moto na nakshi, vilipewa namba na kupelekwa ghalani. Kisha kuta za nje zikawekewa msingi mpya. Huwezi kuchimba chini ya ukuta wote kwa mara moja, kwa kuwa utaanguka. Walichimba mashimo madogo yaliyoachana, wakashuka zaidi ya mita 6 hadi kwenye tabaka gumu la changarawe, wakamwaga zege lenye nondo hadi ligusane na sehemu ya chini ya jiwe, wakasubiri likomae, ndipo wakahamia mashimo ya katikati. Nguzo 126 zilimalizika kwa mtindo huo.

Ndani, nguzo za muda za chuma zilishika kuta zisiegemee upande wowote huku sakafu na kuta za kale zikiondolewa. Kwa miezi kadhaa White House ilikuwa boksi tupu la mawe, na mwanga wa madirisha ulipita kutoka upande hadi upande. Katapila lilihitajika kuchimba ghorofa mbili mpya za chini ya ardhi. Truman alikataa tundu la kulipitisha lisitobolewe ukutani, kwa hiyo lilivunjwavunjwa, likapitishwa vipande kupitia mlangoni, na kuunganishwa tena ndani.

Baada ya hapo ilisimamishwa fremu ya kudumu ya chuma, tani 660 hivi. Fremu hiyo ndiyo inayobeba sakafu zote hadi leo, na ukuta wa jiwe hubeba uzito wake wenyewe tu. Truman alirudi tarehe 27 Machi 1952. Gharama ilifika kama dola milioni 5.7.

Wakati familia ya Truman ikiwa bado Blair House, tarehe 1 Novemba 1950, wanaume wawili wa harakati za uhuru wa Puerto Rico walijaribu kuingia kwa risasi ili wamuue Truman. Askari mlinzi Leslie Coffelt alipigwa risasi. Kabla ya kufa alimuua mmoja wao. Blair House ilikuwa imepakana na njia ya waenda kwa miguu, na hilo ndilo lililokuwa kosa la kiusalama.

Vitu vya ndani vya zamani vilienda wapi?

Vingi havikurudi, na hili ndilo doa la ukarabati ule. Fedha na muda vilibana. Sehemu kubwa ya mbao na lipu ilitupwa kama kifusi. Vipande vingine viliuzwa kwa wananchi kama kumbukumbu. Mbao za mwaloni za chumba cha karamu ziliumia sana katika kubanduliwa na kurudishwa, zikapakwa rangi ya kijani kibichi hafifu ili makovu yasionekane. Samani mpya zilinunuliwa kwenye duka kubwa la New York.

Ndiyo maana Jacqueline Kennedy, mke wa Rais Kennedy, alipofika mwaka 1961 alikuta vyumba vya kihistoria vyenye samani zisizo na historia. Alianza kutafuta vitu vya asili vilivyotawanyika, ikaanzishwa ofisi ya mtunza makumbusho, na sheria ya Septemba 1961 ikazuia samani zenye thamani ya kihistoria kuuzwa au kuchukuliwa. Kabla ya hapo marais walikuwa wakipiga mnada vitu vya nyumba bila kizuizi.

Ina vyumba vingapi?

Vyumba 132, vyoo na mabafu 35, milango 412, madirisha 147, mahali pa moto 28, ngazi 8 na lifti 3, katika ghorofa sita ambazo mbili ziko chini ya ardhi. Bila mabaraza ina urefu wa karibu mita 51 na upana wa mita 26. Kiwanja ni ekari 18.

Familia mbili zinahamaje siku moja?

Muda wa rais huisha saa sita kamili mchana tarehe 20 Januari. Hadi dakika hiyo nyumba ni ya anayeondoka. Marais wote wawili huelekea kwenye jengo la Bunge asubuhi, na mara magari yao yakitoka getini kazi huanza. Kampuni za kuhamisha mizigo hazifanyi kazi ndani ya nyumba, kwa kuwa wafanyakazi wake hawajachunguzwa kiusalama. Mizigo hubebwa na wafanyakazi wa nyumba wenyewe, wapishi na wapamba maua wakiwemo. Nguo za anayekuja hutundikwa kabatini, vyakula anavyopenda huwekwa jikoni, na vitanda hutandikwa kabla hajarudi alasiri. Muda wote ni kama saa tano. Linalokwamisha zaidi ni lifti, kwa sababu kinachoshuka na kinachopanda vinagombea njia ileile.

Rais analipa kodi ya nyumba?

Hapana, lakini chakula cha familia, dawa ya meno na gharama za kufua nguo zao kwa dobi wa nje hulipia mwenyewe. Hupelekewa hesabu kila mwezi, na familia nyingi hushtuka zinapoiona ya kwanza. Karamu za kiserikali hulipwa na serikali.

Kuna uhusiano wowote na Afrika Mashariki?

Upo, na ni wa zamani. Mwaka 1840 Sayyid Said, mtawala wa Muscat na Zanzibar, alituma merikebu yake Sultana hadi New York chini ya Ahmad bin Na'aman, ikiwa na karafuu, pembe, kahawa na tende, pamoja na zawadi za Rais Martin Van Buren: farasi wa Kiarabu, lulu na marashi kati yake. Katiba ya Marekani hairuhusu rais kupokea zawadi za wafalme bila ridhaa ya Bunge. Bunge likaamua zawadi hizo ziwe mali ya taifa. Farasi waliuzwa, na hazikuingia Ikulu kama mali ya Van Buren.

Mwalimu Nyerere alipokewa na Kennedy Julai 1963, na Carter mwaka 1977. Moi alifika mwaka 1980, Kibaki mwaka 2003. Jakaya Kikwete alikutana na Barack Obama Mei 2009, akiwa kiongozi wa kwanza wa Afrika kupokewa na rais huyo ambaye baba yake alitoka Siaya. Karamu ya William Ruto ya tarehe 23 Mei 2024 ilifanyika kwenye hema katika bustani ya kusini. Wengine walishangaa kwa nini mgeni wa heshima apewe hema. Sababu ni nafasi: chumba cha karamu kinatosha watu kama 140, East Room kama 200, na orodha ya wageni ilikuwa mara mbili na zaidi ya hapo.

Mtu wa kawaida anaweza kuingia?

Raia wa Marekani huomba kupitia mbunge wake wiki kadhaa kabla. Mgeni huelekezwa kwa ubalozi wake mjini Washington, na si kila ubalozi hushughulikia maombi hayo, hivyo uliza kabla ya kununua tiketi ya ndege. Njia rahisi ni kituo cha wageni kilichopo Pennsylvania Avenue namba 1450: ni bure, na kina mfano mdogo wa jengo pamoja na samani halisi. Barabara iliyo mbele ya uzio wa kaskazini imefungwa kwa magari tangu Mei 1995, kwa hiyo unaweza kusimama hapo kwa miguu na kuiona nyumba vizuri.

Rais anaweza kubomoa sehemu ya Ikulu bila kibali?

Ulinzi wa kisheria ni mdogo kuliko watu wanavyofikiri. Sheria ya Marekani ya kuhifadhi maeneo ya kihistoria ya mwaka 1966 imeitoa White House, pamoja na jengo la Bunge na Mahakama ya Juu, kwenye masharti yake. Kamati ya kuhifadhi White House, iliyoanzishwa mwaka 1964, hutoa ushauri kuhusu vyumba vya hadhara na vilivyomo.

Ndivyo ilivyowezekana mwezi Oktoba 2025 East Wing, jengo la mashariki lililopanuliwa mwaka 1942 na lililokuwa na ofisi za mke wa rais na handaki la dharura chini yake, kubomolewa lote kwa siku chache ili kupisha ukumbi mkubwa wa karamu. Nyumba ya Hoban yenyewe haikuguswa. Mzozo wa kisheria na wa kisiasa uliofuata ulihusu hasa swali hilo: nani alipaswa kuulizwa kwanza.